Jinsi ya kuita msaada wa dharura Tanzania na ukakufikia mlangoni

Simu nyingi za dharura hukwama sehemu ile ile. Mtu anapiga, anapokelewa, anasema "njooni haraka, nyumba inaungua, tuko Mbagala," kisha anakata na kukimbilia ndoo. Gari linatoka kituoni likiwa na neno moja tu la kutafutia: Mbagala. Baada ya nusu saa watu wamepandwa na hasira, wanasema zimamoto hawajali, na huku dereva yuko mitaa mitatu kutoka hapo anauliza wauza chipsi kama wameona moshi.

Wasomaji wa Dar, wa Mwanza, wa Mbeya wamekuwa wakiniletea malalamiko ya aina hii, na ukisikiliza vizuri unakuta namba waliijua na walipokelewa. Kilichoharibika ni maelekezo. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye jambo hilo. Mengine nitayapitia kwa kasi kadiri yanavyohitaji.

## Vya kuwa navyo kabla ya siku hiyo

Namba za taifa. Hizi hupigwa bila salio:

- 112: Polisi
- 114: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siyo moto peke yake. Hata mtu aliyetumbukia kisimani au aliyebanwa ndani ya gari ni kazi yao.
- 115: usafiri wa dharura wa afya. Ndiyo namba ya mfumo wa m-mama, kwa ajili ya wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga.
- 116: Huduma ya Simu kwa Mtoto, pale mtoto anapofanyiwa ukatili.
- 199: kituo cha simu cha Wizara ya Afya, kwa ushauri na taarifa za magonjwa.

Namba za jirani. Hapa ndipo wengi hawana kitu. Nenda mwenyewe ukaombe namba ya mapokezi ya hospitali au kituo cha afya kilicho karibu kinachofanya kazi saa 24. Uliza swali hilo wazi, kwa sababu zahanati nyingi hufungwa jioni. Chukua na namba ya kituo cha polisi au ya mkaguzi wa kata yako, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa (Zanzibar, sheha), na ya dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaani kwenu na aliye tayari kuamshwa saa nane usiku. Huyu wa mwisho umjue kwa sura, na yeye aijue nyumba yako.

Karatasi ukutani. Ziandike namba zote kwa kalamu nene, chini yake andika anwani ya nyumba na maelekezo ya kufika. Bandika panapoonekana na kila mtu, pamoja na dada wa kazi na watoto wanaojua kusoma. Namba iliyo ndani ya simu yako haimsaidii mtoto kama wewe ndiye uliyeanguka.

Vitu vichache. Tochi, kanga mbili safi, glovu, ndoo ya mchanga jikoni, na kama mfuko unaruhusu, mtungi wa kuzimia moto. Simu ya kitochi yenye chaji ni mali kubwa katika nyumba ambayo simu za kisasa hufika jioni zikiwa na asilimia nne.

Umekamilisha ukiweza kumuuliza mtoto wa darasa la nne "nyumba ikiwaka moto unapiga wapi, na unasema tunakaa wapi?" akajibu bila kukutazama usoni.

## Hatua ya 1: Toka kwenye hatari kwanza

Usipige simu ukiwa ndani ya moshi, katikati ya barabara au karibu na waya uliokatika. Ukianguka wewe, msaada umepoteza mtu wa kuuita.

Moto: toeni watu, fungeni milango nyuma yenu, mpige simu mkiwa nje. Usirudi kuchukua televisheni. Gesi ikinuka, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usiwashe kiberiti. Funga koki ya mtungi kama unaifikia salama, fungua madirisha, toka, kisha piga simu ukiwa mbali. Umeme: kata meinswichi kabla ya kumgusa aliyenaswa. Waya wa nguzo ukiwa chini, uhesabu kuwa una umeme hata kama taa za mtaa mzima zimezimika.

Lori la mafuta likianguka, kimbia upande mwingine. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walisogelea lori lililopinduka ili kuchota petroli. Lililipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Ukiona ndoo na madumu yanaanza kuelekea huko, piga kelele watu warudi, halafu piga 114.

## Hatua ya 2: Gawa kazi kwa kumtaja mtu

Kukiwa na watu kumi, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga. Ukisema "jamani mtu apige simu!" hakuna atakayepiga. Nyoosha kidole: "Mama Zawadi, wewe piga 114 sasa hivi, uniambie wamesema nini. Baba Juma, nenda barabara ya lami ukalisubiri gari. Wewe kijana, mtafute mjumbe."

Uko peke yako? Piga kwanza, weka spika, simu ilaze chini, mikono ibaki kwa mgonjwa.

## Hatua ya 3: Piga namba moja inayofaa

Chagua kwa kuangalia kinachoua sasa hivi. Gari limegongana na mtu amebanwa ndani: 114, kisha 112. Wezi wako ndani ya nyumba: 112. Mama mjamzito anatoka damu: 115. Ukichanganyikiwa kabisa, piga 112 na useme kilichotokea. Askari ataelekeza au ataunganisha.

Simu nyingi huruhusu kupiga 112 hata skrini ikiwa imefungwa, na mtandao wako ukiwa hauna mnara, simu hujaribu kupitia mnara wa mtandao mwingine ulio karibu. Kwa hiyo "sina mtandao" isikuzuie kujaribu.

Isipopokelewa, acha iite hadi mwisho, kisha rudia mara moja. Ikishindikana tena, nenda kwenye zile namba za jirani: kituo cha polisi cha karibu, mapokezi ya hospitali. Usikae dakika kumi ukirudia namba moja isiyopokelewa. Wakati unapiga wewe, mwenzako apige namba nyingine.

## Hatua ya 4: Taja mahali kabla ya kusema kilichotokea

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu. Sentensi yako ya kwanza iwe mahali. Sababu ni rahisi: simu inaweza kukatika wakati wowote. Ikikatika baada ya mahali, gari linaweza kutoka. Ikikatika baada ya hadithi, hakuna kinachotoka.

Shuka kutoka kikubwa kwenda kidogo: mkoa au wilaya, kata, mtaa au kijiji, barabara, kisha alama. Usianze na mtaa. Karibu kila mji una Majengo yake, na mpokeaji anaweza kuwa anahudumia eneo pana kuliko unavyofikiri.

Halafu toa njia ya kufika kuanzia barabara ambayo gari kubwa linapita. Mfano:

"Afande, Wilaya ya Temeke, kata ya Charambe, mtaa wa Nzasa. Ukitokea Rangi Tatu, kuna kituo cha mafuta upande wa kushoto, baada yake ingia barabara ya vumbi, nyumba ya nne, geti jekundu. Kuna kijana ameshika kitambaa cheupe pale kwenye kona. Namba yangu ni hii unayoiona. Nyumba inaungua. Naitwa mama Neema."

Angalia kona, upande na rangi ya geti. Hayo ndiyo macho ya dereva. Sasa linganisha na "nyuma ya kwa Mzee Shomari, ukifika uliza tu." Jirani yako anamjua Mzee Shomari, dereva aliyetoka kituo cha mbali hamjui, na saa tisa za usiku hayupo wa kuulizwa.

Alama nzuri ni ile isiyohama na inayoonekana usiku: msikiti, kanisa, shule, kituo cha mafuta, mnara wa simu, daraja, transfoma. Alama mbaya ni genge la mboga, mti ulio kama mingine, gari lililoegeshwa, au duka lililobadilishwa rangi mwezi uliopita.

Tumia kibao cha anwani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara nyingi zina majina yaliyoandikwa kwenye nguzo. Watu huvipita vibao hivi kila siku bila kuvisoma. Toka nje leo, soma jina la barabara yenu na namba ya nyumba, uiandike kwenye ile karatasi ya ukutani pamoja na postikodi ya kata. Lakini usiitegemee peke yake. Namba ya nyumba na alama moja kubwa vikienda pamoja ndiyo maelekezo kamili.

Lokesheni ya simu. Kama umepata namba ya dereva au ya kituo inayopokea WhatsApp, tuma lokesheni. Ngoja kidogo kabla ya kutuma, mpaka kile kiduara kwenye ramani kipungue, la sivyo utampeleka mtaa wa pili. Huna bando? Ramani ya simu bado inaweza kukuonyesha namba za nukta ulipo, kwa sababu GPS haihitaji intaneti. Zisome polepole. Kwa Dar es Salaam ya kwanza huanzia hasi 6 na ya pili 39. Ukiona vingine kabisa, umesoma vibaya.

Barabara kuu. Ukipata ajali safarini na hujui kijiji, taja barabara, unakotoka na unakoelekea, mji wa mwisho uliopita, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya kilomita iliyo pembeni. "Barabara ya Morogoro kwenda Iringa, tumepita Mikumi, tunaelekea Ruaha Mbuyuni" tayari imepunguza utafutaji kwa kiasi kikubwa.

Umefaulu hatua hii pale mpokeaji anapokurudishia maelekezo kwa maneno yake na wewe ukasema "ndiyo." Asiporudia, mwombe: "Naomba unirudishie afande, nihakikishe tumeelewana."

## Hatua ya 5: Jibu maswali, usikate simu

Baada ya mahali, sema kilichotokea kwa sentensi moja, idadi ya walioumia, hali zao (anapumua? ana fahamu? anatoka damu?), na hatari iliyobaki, kama mitungi ya gesi au watu walionaswa ndani.

Maswali yatakukera. Unaulizwa jina lako na nyumba inaungua! Vumilia. Namba za dharura hupigiwa sana na watoto na wachezea simu, na mpokeaji analazimika kuhakikisha. Mara nyingi mwenzake ameshaanza kutoa gari huku wewe ukiulizwa. Sema taratibu, ukipaza sauti, maneno hayasikiki.

Kata simu pale tu mpokeaji anapokwambia. Baada ya hapo iache laini yako wazi: usipige kwa ndugu Tanga kuwapa habari, kwa sababu dereva akipotea atakupigia wewe na atakuta unatumika.

## Hatua ya 6: Mpelekee gari mtu, ulisafishie njia

Huyu Baba Juma uliyemtuma barabara ya lami ana kazi kubwa kuliko wanaobeba ndoo. Asimame pale gari linapokata kona, awe na tochi au nguo nyeupe, awe na simu, na asiondoke mpaka gari lifike. Kama kuna kona mbili, wawe watu wawili.

Wengine wahamishe bodaboda na magari yaliyoegeshwa kwenye uchochoro, wafungue mageti, waondoe kamba za nguo. Gari la zimamoto ni pana na zito. Kama njia yenu ni ya bajaji tu, mwambie mpokeaji mapema ili waje na mipira mirefu. Mwambie pia kama kuna kisima, tangi kubwa au bwawa karibu. Maji ya kwenye gari huisha.

Kwenye barabara kuu, wekeni pembetatu au matawi mbali na ajali, pande zote mbili, ili ajali ya pili isitokee juu ya ya kwanza.

## Hatua ya 7: Cha kufanya wakati mnangoja

Anayetoka damu nyingi. Kunja kanga safi, kandamiza kwa kiganja moja kwa moja juu ya jeraha. Usifunue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nguo nyingine juu yake.

Aliyeungua. Maji ya kawaida, dakika 20. Kama bomba halitoki, mwagia taratibu kwa kopo. Vua pete na saa kabla hapajavimba. Dawa ya meno, unga, asali, mayai: hapana. Huko hospitali vitabidi vikwanguliwe, na maumivu yake usimtakie mtu.

Moto wa mafuta ya kupikia. Usimwage maji. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa.

Mwenye degedege au kifafa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa: ikipita dakika 5, au ikijirudia kabla hajazinduka, huyo ni wa hospitali mara moja.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Usimtapishe. Yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Beba chupa mwende nayo hospitali.

Aliyeumwa na nyoka. Atulie, mguu au mkono usichezeshwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usimfukuze nyoka.

Asiyepumua. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, sukuma chini kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni, kwa sababu mtu mmoja huchoka upesi. Aliyeopolewa majini anahitaji pia kupuliziwa pumzi.

Aliyeanguka kutoka juu au aliyepata ajali ya pikipiki. Usimnyanyue kwa kushika mikono na miguu. Mwache alipo, shikilia kichwa kisigeuke, isipokuwa kama moto, maji au magari yanamfuata.

## Hatua ya 8: Amua, kungoja au kubeba

Tuseme ukweli: gari la wagonjwa halifiki kila mahali kwa wakati. Muulize mpokeaji swali hili: "Gari limeshatoka? Liko wapi sasa?" Kama jibu halieleweki na mgonjwa anazidi kuzorota, beba.

Kwa mjamzito, piga 115 kabla ya kuhangaika na nauli. Anayepokea hutathmini hali, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Familia haitozwi. Damu kutoka ukeni, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, chupa kupasuka bila uchungu kuanza: ikitokea hata moja ya hizi, usingoje kupambazuke.

Mkibeba wenyewe, teksi au bajaji. Aliyezimia asiwekwe katikati ya mshikaki wa bodaboda. Shingo inaning'inia na njia ya hewa inaziba. Alazwe ubavu kwenye kiti cha nyuma, mtu mmoja akiangalia kifua kinapanda na kushuka.

Mkiwa njiani, piga mapokezi: "Tunakuja na mtoto wa miaka 2, amekunywa mafuta ya taa, tuna dakika kumi kufika." Mkifika mlangoni, sema "dharura" na msikae foleni ya kadi. Kwa Dar, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Jua ipi iko karibu nawe. Chukueni kadi ya bima, kadi ya kliniki na dawa anazotumia, lakini msizitafute kwa robo saa.

## Hatua ya 9: PF3 na RB

Majeraha ya ajali, kupigwa au kuchomwa kisu huhitaji fomu ya polisi, PF3. Watu wamepoteza ndugu kwa kumzungusha kituoni huku anavuja damu. Gaweni: mgonjwa aende hospitali, ndugu mmoja aende polisi kuifuata fomu. Mhudumu akiitaka kabla ya kumgusa mgonjwa mahututi, mwite daktari wa zamu au mganga mfawidhi na umwambie ndugu yuko njiani na fomu.

Aliyebakwa aende hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ikiwahi ni bora. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja. Pasipokuwapo, kwenye kituo cha polisi omba Dawati la Jinsia na Watoto. Hulazimiki kusimulia mbele ya watu wote kaunta.

Usitoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa polisi. Iandike, ipige picha, na uchukue jina la askari aliyepokea maelezo. Bila namba hiyo, wiki ijayo utaanza upya.

Moto ukizimika kabla gari halijafika, piga tena 114 uwaambie, ili gari liweze kwenda kwa mwingine. Wakitaka kufika kukagua, wapokeeni.

## Ukiwa nje ya Tanzania

Kenya na Uganda piga 999 au 112. Kenya pia Msalaba Mwekundu hupokea 1199. Rwanda, polisi ni 112 na gari la wagonjwa 912. Oman ni 9999 kwa yote. Falme za Kiarabu, polisi 999, gari la wagonjwa 998, zimamoto 997. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, Uingereza 999 au 112, Marekani na Canada 911. Marekani na Uingereza, kama lugha inakupiga chenga, taja mahali, kisha sema "Swahili" na ubaki kwenye simu; vituo vingi huko huweza kuunganisha mkalimani.